Kufunga mwamba kunamlinda papa? Jibu kwa katibu wa kamati ya wavuvi

Swali. Katibu wa kamati ya wavuvi wa shehia moja ya kusini mwa Pemba ametuandikia kwamba shehia yao imezoea kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu kila mara, na mavuno ya siku ya kufungua yamewaridhisha watu. Sasa vijana wanataka sehemu ya mwamba huo ifungwe moja kwa moja ili samaki wa mwamba na papa nao warudi. Wazee wanapinga, wakisema papa ni mpita njia, leo yuko hapa na kesho yuko Tanga, kwa hiyo kumfungia mwamba ni kujinyima bure. Katibu anauliza ni upande gani wenye haki na, wakikubaliana, waanzie wapi.

Jibu. Ndugu Katibu, wa alaykum salaam. Wazee wenu na vijana wenu wote wana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu kila upande unafikiria mnyama wake na kumsemea kwa jina la wote. Nitajibu kwa urefu, maana nimeona kamati zikivunjika moyo baada ya kuwaahidi watu jambo ambalo mwamba uliofungwa hauwezi kulitoa, ilhali lile ambalo ungeweza kulitoa halikuelezwa vizuri tangu mwanzo. Msimamo wangu ni huu: fungeni sehemu ya mwamba kwa ajili ya samaki wanaoishi hapo hapo, na kwa ajili ya papa wekeni masharti juu ya nyavu na juu ya maji ya kina kifupi wanakozalia. Hatua ya kwanza haiwezi kufanya kazi ya hatua ya pili.

Naanza na pweza, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kufunga. Pweza huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, hukua kwa kasi kubwa, na jike hutaga mara moja tu katika maisha yake kisha hufa. Kwa mnyama wa namna hii miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri, na kumwacha kwa muda huo humwongezea uzito kwa kiasi ambacho mvuvi anakiona kwa macho. Wavezo wa kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walijaribu jambo hili mwaka 2004, na mfano wao ukaenea katika vijiji vingi vya Bahari ya Hindi, zikiwemo shehia za Pemba kama Kisiwa Panza, na Songosongo kule Kilwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu miamba hiyo ya Madagaska ulionyesha kwamba katika mwezi unaofuata kufunguliwa, mvuvi mmoja alipata kwa siku karibu mara mbili ya alichokuwa akipata kabla ya kufunga, na kwamba kipato cha kijiji hakikushuka wakati mwamba umefungwa, kwa kuwa watu walivua kwingine.

Hapo ndipo kosa linapoanza kuingia katika fikra zetu. Mtu aliyeona pweza akirudi ndani ya miezi mitatu hudhani kwamba chewa naye atarudi kwa muda huo huo, na ninyi msikubali ahadi hiyo itolewe mkutanoni. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokuwa wakubwa. Mkivua wakubwa wote, mmeondoa madume karibu wote kwa mkupuo mmoja. Pono nao wana tabia ya namna hiyo. Samaki hawa huhitaji miaka kukua, na jike mkubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi akilinganishwa na majike kadhaa wadogo wenye jumla ya uzito huo huo. Mwamba uliofungwa kwa samaki kwa miezi mitatu, kisha ukafunguliwa kwa watu mia mbili wenye mishale, nyavu na mitumbwi, unaweza kubaki na hali mbaya kuliko ule ambao haukufungwa kabisa, kwa sababu samaki wamezoea utulivu na hawakimbii tena. Kwa hiyo vijana wenu wanapotaka sehemu ifungwe moja kwa moja, wanasema jambo ambalo sayansi inaliunga mkono.

Ushahidi wa karibu upo. Katika hifadhi za bahari za Kenya ambako uvuvi umepigwa marufuku, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na Kisite karibu na Wasini, watafiti wamefuatilia wingi wa samaki kwa miongo kadhaa, na wameona ukipanda polepole kwa zaidi ya miaka kumi baada ya uvuvi kukoma. Kwa upande wa Unguja kuna Chumbe, ambayo mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Eneo lile halifikii hata kilomita moja ya mraba, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, waliofunzwa kuwaeleza wenzao baharini bila silaha mkononi kwa nini wasitupe nyavu hapo. Ninautaja udogo wa Chumbe kwa makusudi, kwa sababu kamati nyingi hudhani kwamba eneo dogo halina faida. Tasi, pono, kangaja na changu wengi huishi maisha yao katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa mtumbwi asubuhi moja, na kwa hao eneo dogo lililolindwa kikweli lina thamani kuliko eneo kubwa lililolindwa kwenye karatasi.

Kuna samaki mmoja ambaye napenda muwaeleze watu habari zake, ingawa bei yake si kubwa mnadani: kikande. Samaki huyu ana meno magumu na anakula viumbe wale weusi wenye miiba mirefu ambao humchoma mtu anayetembea mwambani wakati wa maji kupwa. Utafiti wa miaka mingi katika miamba ya Kenya umeonyesha kwamba pale vikande walipovuliwa wakaisha, viumbe wa miiba waliongezeka mno, wakawa wanatafuna mwamba wenyewe na kumaliza chakula cha samaki wanaokula majani. Akina mama wenu wanaokusanya pweza na chaza kwa miguu bila shaka wanajua ni sehemu gani za mwamba zimejaa miiba siku hizi kuliko zamani. Waulizeni, kwa sababu jibu lao litawaonyesha mahali ambapo mwamba umechoka, na pia litawapa sababu ya kuwaingiza katika kamati watu ambao kwa kawaida hawaitwi. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa papa. Wazee wenu wana haki kabisa kuhusu baadhi yao. Papa wa bahari kuu huvuka mikondo na mipaka ya nchi, na hakuna kamati ya shehia inayoweza kuwafungia njia. Lakini papa si wa aina moja. Yule mdogo mwenye ncha nyeusi za mapezi, ambaye huonekana akizunguka kwenye maji ya magoti maji yanapojaa, ni mkazi. Katika kisiwa cha Palmyra kilichoko Pasifiki, watafiti waliwafunga papa hao vifaa vya kutoa sauti na wakakuta kwamba kila mmoja alitumia eneo la takriban nusu kilomita ya mraba tu. Mwamba wenu uliofungwa unaweza kumfaa papa huyo. Kati ya hao wawili yupo papa mwenye kichwa cha nyundo, ambaye akikomaa huishi maji makubwa lakini huzaliwa katika ghuba na hori zenye tope, karibu na mikoko, na hukaa huko miezi yake ya mwanzo. Huyu ndiye anayestahili mawazo yenu zaidi, kwa sababu akiwa mtu mzima hamna mamlaka naye, ila akiwa mchanga yuko mikononi mwenu kabisa.

Hata neno mpita njia lenyewe linahitaji tahadhari. Kule Mafia, papa potwe huonekana mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakila uduvi na vijidudu vya baharini karibu na ufukwe, kisha hupotea, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba wameondoka kwenda nchi nyingine. Watafiti walipowafunga vifaa vya sauti na kutega vipokezi chini ya bahari, ilibainika, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, kwamba wengi wao hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamesogea kwenye maji ya kina zaidi, mbali kidogo na macho ya watu, na waliendelea kuwa wakazi wa Mafia mwaka mzima. Kwa hiyo mzee anaposema papa ameondoka, inafaa kumuuliza kwa upole kama ameondoka au ameacha kuonekana.

Kwa nini papa anamalizika upesi kuliko samaki wengine, na kwa nini kumlinda kunahitaji njia tofauti? Sababu iko katika uzazi wake. Changu jike hutoa mayai kwa maelfu kwa maelfu, na bahari huyapeleka popote. Papa huzaa kama ng'ombe. Yule wa ncha nyeusi hubeba mimba kwa miezi mingi na huzaa watoto wawili hadi wanne hivi, walio hai, wenye meno, wanaojitafutia chakula tangu siku ya kwanza. Papa wa nyundo huzaa wengi zaidi, kuanzia kumi na wachache hadi arobaini hivi, lakini jike huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Mnyama wa namna hiyo akivuliwa kwa kasi tunayovulia vibua, hawezi kujaza pengo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliotumia kamera zenye chambo katika miamba 371 ya nchi na maeneo 58, na karibu mwamba mmoja katika kila mitano hapakuonekana papa hata mmoja. La muhimu kwenu ni jambo jingine lililobainika humo: papa walikuwa wengi zaidi pale ambapo nyavu za kutega na mishipi mirefu ya ndoana nyingi zilikuwa zimewekewa masharti au kukatazwa. Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba kwa papa, mazungumzo ya maana ni yale ya zana.

Kwenu zana hizo zina majina yanayojulikana: jarife, na dhulumati ambao ndio mshipi mrefu wa ndoana nyingi. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa jioni na kutazamwa asubuhi, na hauchagui. Hukamata nguru na jodari ambao ni riziki halali ya mvuvi, lakini hukamata pia papa, taa, kasa, na zamani ulikamata nguva, ambao sasa ni wachache mno katika maji yetu. Kule Tanga, majarife yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu kwa ajili ya papa yalianza kutoa silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia nzima walishangaa kusikia anapatikana hapo, na jambo hilo ndilo lililosababisha kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari ya Tanga mwaka 2009. Sisemi mkataze jarife kabisa. Kamati inayoanza kwa kuwanyima watu nguru haitafika mwaka wa pili. Nasema jarife lisitegwe ndani ya hori na ghuba ambamo papa wachanga wanapatikana, angalau katika miezi ya kuzaa, na kwamba mwenye wavu akae nao baharini badala ya kuuacha hadi asubuhi, ili kilichonaswa kikiwa hai kiweze kuachiwa.

Juu ya kuachia, nahitaji kuwa mkweli kwenu. Papa hawafanani katika kustahimili wavu. Wale wanaolala chini mchana kutwa, ambao wanaweza kupumua bila kuogelea, mara nyingi huondoka wazima wakiachiwa. Papa wa nyundo hufa haraka sana baada ya kunaswa, na wengi huwa wameshakufa wavu unapovutwa. Kwa hiyo sharti la kuwaachia walio hai ni zuri, lakini haliwasaidii wa nyundo. Wao wanahitaji wavu usiwepo kabisa mahali wanapokulia. Kwa upande wa dhulumati kuna marekebisho madogo yasiyo na gharama kubwa: kipande cha mwisho kinachoshika ndoana kikiwa cha nailoni badala ya waya, papa wengi hukikata kwa meno na kwenda zao, na mvuvi anabaki na samaki wake wengine.

Mtajuaje wanazaa wapi? Hapa hamhitaji mtaalamu kutoka mjini. Papa wadogo wanapoletwa dikoni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mgeuzeni mmoja mmoja tumbo juu na mtazame katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Papa wa mwamba na wa nyundo hulishwa na mama yao kwa kitovu wakiwa tumboni, kwa hiyo huzaliwa wakiwa na alama yake. Kama mnaona ufa mdogo ulio wazi, wenye wekundu, mtoto huyo amezaliwa siku chache tu zilizopita. Kama ufa umefungika na kubaki mstari, ana umri wa majuma kadhaa. Kama ngozi ni laini na alama imefutika, amekwisha kuishi miezi. Andikeni daftarini tarehe, aina, urefu kwa kamba iliyotiwa alama, dume au jike (dume ana viungo viwili virefu nyuma ya mapezi ya tumboni), zana iliyotumika, na hasa jina la mahali aliponaswa kama wavuvi wenyewe wanavyopaita. Fanyeni hivyo kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi. Mkikuta kwamba wenye kitovu kilicho wazi wanatoka hori moja na katika miezi fulani tu, mmepata makulia yenu, na mna hoja ambayo hata mvuvi mkaidi hawezi kuipuuza kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Mtu atauliza mkutanoni: basi tusile papa? Swali hilo lijibiwe kwa heshima. Papa mkavu na ng'onda ni chakula cha pwani yetu tangu enzi za babu zetu, na mafuta yake, sifa, ndiyo yaliyopakwa majahazi yakavuka hadi Uarabuni. Kinachowamaliza papa leo ni zaidi ya chungu cha nyumbani: ni idadi ya nyavu, macho ya nailoni yasiyooza, na mnunuzi wa mapezi anayetoka nje ya kisiwa. Juu ya mnunuzi huyo mna msaada wa kisheria. Papa wa nyundo waliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubali kuiongeza jamii nzima ya papa wa mwamba na ndugu zao. Mapezi ya papa hao hayawezi kusafirishwa nje ya nchi kihalali bila kibali maalumu. Mnunuzi akija dikoni, kamati ina haki ya kumuuliza kibali chake na kutoa taarifa kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya.

Nimeahidi kurudi kwa akina mama. Mwamba unapofungwa, mwenye boti huenda mwamba mwingine, lakini mwanamke anayekwenda kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na kijiti chake mkononi hana mwamba mwingine. Yeye ndiye anayelipa gharama ya hifadhi siku ile ile inapoanza. Kwa maoni yangu, kamati ambayo haina wanawake wanaokusanya pweza haina haki ya kupiga kura juu ya sehemu ya kufungwa, na kama itapiga, uamuzi wake utavunjwa usiku kwa usiku na watu ambao hawakuulizwa. Njia moja ni kuacha sehemu ya karibu na ufukwe kwa wanaotembea kwa miguu na kufunga sehemu ya mbele inayofikiwa kwa mtumbwi. Njia hiyo haifai kila mahali, kwa kuwa mahali pengine mwamba wa mbele ndio unaobeba familia nyingi, lakini mazungumzo yaanzie hapo.

Kisha wapo wageni. Pemba ni kisiwa cha dago, yaani wavuvi kuhamia ufukwe wa mbali na kupiga kambi kwa msimu, na wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima. Mkifunga mwamba bila kuwaambia wanaokuja kwenu dago, mtakuwa mmewawekea wao samaki. Waiteni kabla, katika msimu ambao hawajafika, na muwape nafasi ya kusema. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya mwaka 2010 inazitambua kamati za wavuvi, na maji ya magharibi ya Pemba yako ndani ya eneo la hifadhi la mkondo wa Pemba lililotangazwa mwaka 2005. Kwa hiyo makubaliano yenu yakiandikwa na kupitishwa kwa utaratibu, yanaweza kumbana hata asiyekuwa mwenyeji. Yakibaki ya mdomo, yataheshimiwa na mwenyeji tu na kumbana yeye peke yake, na hakuna kitu kinachoua hifadhi upesi kuliko hisia kwamba waaminifu ndio wanaoumia.

Kuhusu fedha, tazameni Mwali kwa jirani zetu Wakomoro. Hifadhi ya bahari ya Mwali ilianzishwa mwaka 2001 kwa makubaliano na vijiji kumi vya pwani ya kusini, kila kijiji kikiwa na mlinzi wake, na ilisifiwa duniani. Fedha za mradi wa wafadhili zilipokwisha miaka michache baadaye, doria zilidhoofika, na ilichukua muda kuiinua tena. Wanavijiji walikuwa wamejitolea kweli; kasoro ilikuwa kwamba mafuta ya boti yalitegemea mfuko usiokuwa wao. Kwa hiyo jiulizeni mapema: tukipewa boti, nani atanunua mafuta ya mwaka wa tatu? Mimi ningependelea doria ya mtumbwi na zamu ya kukaa ufukweni, iliyo karibu na mwamba mnaouona kwa macho, kuliko boti ya injini itakayoegeshwa mchangani. Siku ya kufungua mwamba wa pweza, kila kikundi kikatwe kiasi kidogo kilichokubaliwa, kiandikwe mbele ya watu, na hesabu isomwe hadharani.

Utalii nao huzungumzwa sana, na baadhi ya mifano ni ya kweli. Huko Fiji, tangu mwaka 2004, vijiji vilivyo karibu na ghuba ya Beqa viliacha kuvua katika mwamba mmoja wa papa, na kila mzamiaji anayekuja kuwatazama hulipa tozo inayokwenda kwa vijiji hivyo. Palau ilitangaza maji yake yote kuwa salama kwa papa mwaka 2009, na Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010. Lakini visiwa hivyo vilikuwa tayari na wazamiaji wengi wanaolipa, na huko Maldivi wale waliokuwa wakiishi kwa kuvua papa hawakuwa ndio walionufaika na hoteli. Kama shehia yenu haina wageni leo, msimwambie mtu kwamba papa atamletea watalii kesho. Mwambieni kwamba tasi wataongezeka nje ya mpaka, jambo ambalo mnaweza kulipima wenyewe kwa dema na mshipi.

Viongozi wa dini nao wasisahauliwe. Misali, ambayo haiko mbali nanyi, ilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, masheikh walishirikishwa katika kufundisha kwamba mwanadamu ni mwangalizi wa alichokabidhiwa na Mwenyezi Mungu na kwamba israfu ni haramu baharini kama ilivyo nchi kavu. Hotuba ya Ijumaa inawafikia watu ambao hawahudhurii mkutano wa kamati.

Mnaniuliza mwanzie wapi. Chagueni sehemu moja yenye matumbawe hai, yenye mteremko wa kuingia maji ya kina, inayoonekana kutoka kijijini, na mtie maboya kwenye pembe zake. Ifungeni kwa zana zote kwa miaka mitano kwanza, na semeni wazi kwamba ni miaka mitano, ili mzee anayepinga ajue ni lini ataulizwa tena. Pweza endeleeni kuwafunga na kuwafungua kama kawaida, lakini nje ya sehemu hiyo. Tasi wanakusanyika kutaga wakati wa kaskazi, siku chache baada ya mwezi mpevu, kama ilivyothibitishwa Msambweni kusini mwa Kenya kwa msaada wa wavuvi waliokuwa wakijua hilo kabla ya watafiti. Kama wazee wenu wanajua mahali pa namna hiyo kwenu, pawekewe ulinzi siku hizo, hata kama pako nje ya maboya. Daftari la papa lianze sasa, kabla ya kujadili hori yoyote, na masharti ya jarife yasubiri mpaka daftari limetimiza mwaka.

Mkutano wenyewe uiteni wakati wa maji mafu. Wakati wa bamvua akina mama watakuwa mwambani, na mtakuwa mmeamua juu ya mwamba wao wakiwa hawapo.